Halmashauri zetu bado zinapanga mji, au zimebaki kupokea taarifa?

#1 Mkazi wa Themi (mleta mada)

Salaam wanajukwaa. Kila masika mitaro ya Arusha inapofurika, lawama zote humwangukia diwani na mkurugenzi wa jiji. Nimekaa kwenye vikao vya mtaa nikizisikia lawama hizo kwa miaka mingi, na hoja yangu ni kwamba tunamlaumu mtu aliyenyang'anywa zana za kazi. Barabara za mitaa zilihamishwa kutoka halmashauri kwenda TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mwaka 2017. Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo cha uhakika cha mapato ya miji, ilikabidhiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 tunailipa tunaponunua umeme wa LUKU. Watumishi wa sekta ya ardhi waliwekwa chini ya Wizara ya Ardhi, na mwaka 2020 zikafunguliwa Ofisi za Ardhi za Mikoa. Mkurugenzi wa jiji mwenyewe ni mteule wa Rais. Baraza la madiwani, ambalo ndilo tulilolipigia kura, limebakiwa na nini cha kupangia mji? Naomba tujadili bila kuingiza vyama.

#2 Mpimaji Mstaafu

Mleta mada, zana nyingi zimehama kweli, lakini iliyo kubwa kuliko zote haijahama. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaitambua halmashauri yenyewe, iwe ya jiji, manispaa, mji au wilaya, kuwa mamlaka ya upangaji. Kuandaa mpango, kuitisha mkutano wa wadau, kupokea mapingamizi na kusimamia uendelezaji ni kazi zake. Mpango wa jumla, ambao tumezoea kuuita mpango kabambe, huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya ardhi. Michoro ya kina huidhinishwa na Mkurugenzi wa Mipangomiji. Ramani za upimaji huidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri. Kwa lugha nyepesi, kalamu iko halmashauri na muhuri uko Serikali Kuu.

Niliyeifanya kazi hiyo nasema kwamba muhuri ule una sababu yake. Eneo la wazi lililotengwa kwa ajili ya shule au uwanja wa michezo halina mwenyewe wa kulipigania, ilhali kiwanja cha biashara kina wengi wanaokitaka, na wote wanamfahamu diwani. Bila jicho la mtu aliye mbali na shinikizo la kata, maeneo ya wazi yangekwisha zamani.

#3 Mama Neema

Asanteni kwa uzi huu. Hiyo kalamu na huo muhuri anaousema Mpimaji Mstaafu mimi nimevizunguka vyote. Tulinunua kiwanja pembeni ya jiji, urasimishaji, yaani upimaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango, ukaja, tukachangia fedha za upimaji, mchoro ukaidhinishwa na bikoni, yale mawe ya mipaka, zikawekwa. Kwenye mchoro, barabara inayopita mbele ya geti langu ina upana wa mita nane. Ukifika pale ilipo, jirani ameusogeza ukuta wake wa bloku nje ya bikoni, na upande wa pili kuna choo cha shimo kilichochimbwa kabla wapimaji hawajafika. Nafasi iliyobaki hupitisha bajaji, lakini gari la taka na gari la kunyonya maji machafu huishia barabara kubwa.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na daftari lake, akaandika kila kitu, akasema hana mamlaka ya kumbomolea mtu. Ofisi ya kwanza niliyokwenda ikanieleza kwamba barabara si kazi yake tena. Ya pili ikaniambia kwamba njia hiyo haimo katika orodha ya barabara inazozihudumia, kwa kuwa haijafunguliwa. Ya tatu ikafungua mchoro kwenye kompyuta, ikanionyesha mita nane zangu, ikasema mchoro hauna tatizo lolote. Kila ofisi ilinijibu kwa adabu na kila moja ilikuwa inasema kweli kwa upande wake. Ukuta bado upo.

#4 Kijana wa Pasua

Pole sana Mama Neema. Mimi niko Moshi na nadhani wote mnatazama juu na chini wakati tatizo liko pembeni. Manispaa ya Moshi ina takriban kilomita za mraba 59, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 221,733 ndani yake. Mji umeshajaa. Ukitoka kwetu Pasua ukavuka kuingia Mabogini, macho hayaoni mpaka wowote, nyumba zinaendelea vilevile, lakini kisheria umeingia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, yenye baraza jingine na vipaumbele vingine. Kaskazini uko Uru na Kibosho, ambako ardhi ni vihamba vya ukoo, na mtu hujenga nyumba ya mjini katikati ya migomba kwa taratibu za kijijini. Manispaa haiwezi kupanga mahali ambapo si pake. Kusogeza mpaka si uamuzi wa madiwani peke yao, unahitaji idhini ya juu, na halmashauri jirani haifurahii kupoteza kata zinazoingiza mapato.

#5 Mkazi wa Themi

Hoja nzito, Kijana wa Pasua, na Arusha iko hivyohivyo. Kiranyi, Ngaramtoni na Kisongo ni mji kwa kila hali lakini ziko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Hata maji yanayofurika mitaani kwetu hayaanzii kwetu. Yanashuka kutoka miteremko ya Mlima Meru, ambako wanaotoa vibali ni wengine. Ila naona jambo hili linaongeza nguvu hoja yangu badala ya kuipunguza, maana mwenye uwezo wa kurekebisha mipaka ni Serikali Kuu.

#6 Msomaji wa Kaloleni

Tusisahau historia. Mwaka 1972 Serikali ilileta mfumo wa Madaraka Mikoani, halmashauri zikafutwa, na kazi zake zikachukuliwa na maofisa waliowajibika kwa Serikali Kuu. Nchi ilikaa hivyo miaka kumi, hadi sheria za serikali za mitaa za 1982. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanasimulia jinsi uzoaji taka na huduma za maji mijini zilivyodorora. Jaribio la kuupanga mji kutoka juu tumeshalifanya hapa hapa nchini na matokeo yake tunayajua.

#7 Mwalimu wa Uraia

Nakubaliana na Msomaji wa Kaloleni kwa sehemu kubwa, isipokuwa hiyo miaka kumi. Kwa upande wa miji, halmashauri zilirejeshwa kwa sheria ya mpito ya mwaka 1978, miaka minne kabla ya sheria za 1982. Zilizosubiri zaidi ni za wilaya. Tofauti hiyo ina maana yake: miji ilirudishiwa mabaraza mapema kwa sababu hali ya huduma ilikuwa imefika pabaya, kipindupindu kikiwamo. Baadaye misingi ikaingizwa katika Katiba, ibara ya 145 na 146, ambapo madhumuni ya serikali za mitaa yanatajwa kuwa kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo swali la mleta mada lina uzito wa kikatiba, halihusu utendaji pekee.

#8 Msafiri wa Namanga

Naomba niwavushe mpaka kidogo. Kenya waliandika ugatuzi ndani ya Katiba yao ya 2010, na kaunti zikaanza kazi 2013 zikiwa na magavana waliochaguliwa. Hata hivyo, Februari 2020 Kaunti ya Nairobi ilitia saini kukabidhi afya, uchukuzi, kazi za umma na mipango kwa Serikali ya Taifa, na chombo kilichoundwa, Nairobi Metropolitan Services, kikaongozwa na jenerali wa jeshi hadi 2022. Nilikuwa naingia Nairobi mara kwa mara kipindi hicho kwa biashara, na niliona njia za waenda kwa miguu zikijengwa katikati ya jiji kwa kasi ambayo sikuwa nimeizoea. Wenzangu wa kule nao walikuwa wakiuliza nani watamwajibisha, kwa kuwa hakuna aliyempigia kura. Nimelisema hili ili tusidhani kwamba Katiba nzuri inamaliza mvutano.

#9 Mpimaji Mstaafu

Hapa nyumbani mfano wa karibu ni Dodoma. CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliundwa 1973 kusimamia ujenzi wa makao makuu, na kwa zaidi ya miaka arobaini mji ule ulikuwa na wapangaji wawili, CDA upande mmoja na halmashauri upande mwingine. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliivunja na kazi zake zikahamia halmashauri ya Dodoma. Wanaosema Serikali Kuu siku zote inavuta madaraka kwake waukumbuke uamuzi huo.

#10 Mkazi wa Themi

Mzee wangu, mwaka huohuo wa 2017 ndio TARURA ilipoanzishwa. Mkono mmoja ulirudisha na mwingine ukachukua.

#11 Mpimaji Mstaafu

Ni kweli, na TARURA nayo haikuzuka hivihivi. Kabla yake greda moja la halmashauri lilikuwa linagombewa na kata zote, na mhandisi angeweza kupanga kazi kwa mujibu wa hali ya barabara halafu akakuta ratiba imebadilishwa kwenye kikao.

#12 Muuza Mitumba wa Kilombero

Wakubwa zangu, mnazungumzia michoro, mimi nazungumzia mahali pa kusimama. Desemba 2018 tulipewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, vikapitia kwa wakuu wa mikoa na wilaya, na tukaambiwa tusibughudhiwe. Sheria ndogo za halmashauri kuhusu njia za waenda kwa miguu zilikuwepo, lakini hakuna askari wa jiji aliyeweza kuzisimamia mbele ya kitambulisho kile. Mwaka 2021 yakatoka maelekezo ya kutupanga upya, tukaondolewa barabarani. Mara zote mbili uamuzi ulitoka juu, na mara zote mbili halmashauri ndiyo iliyobaki inatutafutia nafasi. Mimi nilihamishiwa eneo ambalo wateja hawapiti. Kama baraza la madiwani lingekaa na sisi tangu mwanzo, lingejua kwamba mnunuzi wa mitumba anashuka kwenye daladala, hapandi nyingine kwenda kutufuata.

#13 Mama Neema

Mdogo wangu wa Kilombero, hilo la mteja anashukia wapi ndilo ningependa wapangaji wetu waanze nalo. Kwa Mpimaji Mstaafu nina swali, nalo naliuliza kwa heshima: jicho la mbali linalolinda eneo la wazi, mbona halikuuona ukuta wa jirani yangu?

#14 Mpimaji Mstaafu

Kwa sababu muhuri unahusu karatasi, mama yangu. Kusimamia kinachojengwa ni kazi ya halmashauri, na ndipo upungufu ulipo. Ofisa mmoja wa mipangomiji anaweza kuwa na kata kadhaa zinazojengwa kwa wakati mmoja, hana gari, na nyumba inapanda mwishoni mwa wiki ofisi zikiwa zimefungwa. Sheria inairuhusu halmashauri kutoa notisi ya kusimamisha au kubomoa. Andika barua rasmi, ambatanisha nakala ya mchoro, upate muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana faili.

#15 Mhasibu wa Sakina

Mnazunguka jambo ambalo ni la fedha. Mpango Kabambe wa Arusha unaokwenda hadi 2035 uliandaliwa na washauri kutoka Singapore, na umejumuisha jiji pamoja na sehemu za halmashauri za Arusha na Meru, kwa hiyo hata hoja ya mipaka ya Kijana wa Pasua ilishafikiriwa humo. Kinachokosekana ni uwezo wa kuutekeleza. Ukitaka barabara ya mchoro ipite, mara nyingi lazima ulipe fidia. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa inaongezeka riba, na baada ya miaka miwili uthamini wenyewe unakufa. Halmashauri gani ina akiba ya namna hiyo? Kodi ya majengo ilipoingizwa kwenye LUKU ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye nyumba ya vyumba viwili Unga Limited na mwenye nyumba ya bustani na bwawa la kuogelea Njiro, kama zote ni za chini na kila moja ina mita moja ya umeme, walilipa sawa. Wataalamu wa mipango miji wanafundisha kwamba kodi ya jengo ifuate thamani, ili barabara na mitaro inayopandisha thamani ya kiwanja ijilipie yenyewe. Sisi tumekata uhusiano huo, na mpango usio na fedha nyuma yake unabaki kuwa picha ukutani.

#16 Kijana wa Pasua

Mhasibu, LUKU ina faida moja: inakusanya kwa watu ambao halmashauri haikuwahi kuwafikia. Kule kwetu kulikuwa na nyumba ambazo hazijawahi kupata hata ankara.

#17 Mhasibu wa Sakina

Kukusanya, sawa. Nauliza zinakwenda wapi na nani anapanga matumizi yake.

#18 Dalali Mstaarabu

Wanajukwaa, naomba nisikilizwe kabla sijashambuliwa, maana jina langu linajulikana. Mnatafuta nani anapanga mji kati ya Wizara na Halmashauri, na mimi nasema mji unapangwa na mwenye shamba. Mzee ana eka mbili pembezoni, ana watoto wa kusomesha, anakata vipande vya hatua ishirini kwa ishirini, anaacha kichochoro cha kupitisha pikipiki kwa sababu kila hatua ya barabara ni fedha anayoipoteza. Mkataba unaandikwa kwa mkono, mashahidi wanatia saini, mtaa unagonga muhuri na kuchukua asilimia yake. Mpaka mpimaji afike, nyumba kumi zimekwisha kuezekwa. Barabara ya mchepuo ya Arusha, ile ya kilomita 42.4, ilipojengwa, bei za viwanja vya Olasiti na Muriet zilipanda na wenye mashamba wakakata vipande kabla ya mchoro wowote kufika. Serikali Kuu ilijenga barabara, halmashauri ikakuta mji umeshaota kando yake. Kati ya 2012 na 2022 watu wa Jiji la Arusha waliongezeka kutoka 416,442 hadi 617,631. Hao laki mbili hawakusubiri mtu amalize kubishana kuhusu madaraka.

#19 Mwalimu wa Uraia

Hakuna atakayekushambulia, Dalali, umeeleza vizuri. Lakini nani anagonga ule muhuri wa mtaa? Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wananchi, naye ndiye ngazi ya chini kabisa ya ugatuzi tunaoutetea. Kama ngazi iliyo karibu zaidi na wananchi ndiyo inayobariki vichochoro, basi wanaotaka madaraka yashuke wana kazi ya kulieleza hilo.

#20 Mkazi wa Themi

Anavibariki kwa sababu hana kingine, Mwalimu. Mwenyekiti hana mchoro ofisini kwake. Mngempa nakala ya mpango wa eneo lake, akaibandika ukutani na wananchi wakaiona barabara inapopita, angekuwa mlinzi wa kwanza. Sasa anagonga muhuri gizani.

#21 Msomaji wa Kaloleni

Kuna na sheria nyingine inayokatiza katikati ya haya yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Chukua Themi, Naura, Ngarenaro na Burka, pima mita 60 kila upande, uone ni sehemu gani ya jiji inayobaki. Watu wana hati za miaka mingi ndani ya ukanda huo. Hapo mvutano si wa Serikali Kuu na halmashauri. Sheria mbili za Bunge lilelile zinampa mkazi majibu mawili.

#22 Binti wa Kiboriloni

Nimesoma uzi wote kimya. Ninachokiona ni kwamba Moshi mji wa zamani ulipangwa vizuri, barabara zake zimenyooka, na sifa ya usafi tumeitunza kwa sheria ndogo za manispaa yenyewe, si kwa maagizo kutoka nje. Watu wa Arusha mnapokuja kwetu mnazitunza taka zenu mfukoni bila kuambiwa, kwa hiyo mnaweza. Halmashauri ikiachiwa jambo dogo lililo ndani ya uwezo wake, inalifanya.

#23 Muuza Mitumba wa Kilombero

Dada wa Kiboriloni, sifa ya usafi tunawapa bila ubishi. Ila mtusubiri AFCON 2027. Uwanja wa Olmoti wa watu 30,000 unajengwa kwetu.

#24 Binti wa Kiboriloni

Hongereni, nasi tutakuja kushangilia. Lakini nani anaujenga? Serikali Kuu. Na siku ya mechi maelfu ya watu watakapotoka kwa pamoja, mitaa ya jirani itahitaji maegesho, vyoo na njia za miguu, na hiyo itakuwa kazi ya nani?

#25 Mama Neema

Nimeandika barua kama alivyoelekeza Mpimaji Mstaafu, nakala imepokelewa na kugongwa muhuri. Mwenyekiti wetu amekubali suala la barabara liwe ajenda ya mkutano mkuu wa mtaa, na nimemtolea kivuli cha mchoro akibandike ofisini, kwa wazo la mleta mada.

#26 Mkazi wa Themi

Nashukuru sana, mama. Sasa nawauliza wote moja kwa moja. Kesho mkiambiwa barabara za mitaa, kodi ya majengo na watumishi wa ardhi vinarudi halmashauri, mtakubali?

#27 Mhasibu wa Sakina

Kodi irudi hata leo, tena kwa viwango vinavyofuata thamani ya jengo. Mengine yasubiri mpaka fedha ionekane.

#28 Mpimaji Mstaafu

Watumishi wa ardhi warudi, kwa sababu ofisa anayewajibika wizarani hawezi kuulizwa na diwani kuhusu ukuta wa Mama Neema. Muhuri wa michoro ubaki ulipo.

#29 Kijana wa Pasua

Mimi sitakubali kitu chochote kati ya hivyo mpaka kwanza mipaka irekebishwe. Mkiirudishia manispaa barabara leo, lami itaishia Pasua, na Mabogini watu wataendelea kukanyaga tope lilelile wakati wote tunafanya kazi mji mmoja na watoto wetu wanasoma pamoja. Tuanzeni na mamlaka moja ya mipango kwa mji na vijiji vinavyouzunguka, halafu ndipo tugawane madaraka.

#30 Mwalimu wa Uraia

Mamlaka hiyo moja wajumbe wake watachaguliwa na nani, Kijana wa Pasua, na itakapokataa mchoro mkulima wa Uru ataukatia rufaa wapi?